Chai ya Mlango wa Bluu

Niliacha shule darasa la sita, si kwa kukosa ada wala kwa kukosa akili, ingawa mwalimu wetu alikuwa na maoni yake kuhusu hilo la pili. Nilikuwa nimepelekwa kuishi Matema kwa ndugu za mama, na kila wiki niliona mitumbwi ikipita imejaa vyungu. Nilitaka kujua inakwenda wapi. Siku moja nikaifuata kwa miguu, kandokando ya ziwa. Inakwenda Lyulilo, sokoni. Jibu lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani, na kwa haki ningeweza kurudi darasani, lakini Lyulilo palikuwa na maswali mengine: chumvi ile ilitoka wapi, wale wanunuzi walilala wapi, na kwa nini mwanamke aukatae usipa mzuri wa muuzaji huyu, yaani dagaa wa ziwa letu, akanunue usipa uleule kwa jirani yake. Hilo la mwisho nimelifanyia kazi maisha yangu yote.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi wasichana wa rafu na kaunta ndio mlioniomba niandike, mkasema nikisimulia kwa mdomo foleni inakuwa ndefu. Haya. Habari za vyeo sitaziweka, maana dukani kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye duka, na wengine wote.

Kabla ya duka nilifanya kazi nyingi, na zote niliziacha mimi, hakuna iliyoniacha. Bandarini Itungi niliwapikia uji wapakuzi wa mizigo. Mpakani Kasumulu niliuza vitenge. Tukuyu nilichuma chai msimu mmoja, nikajifunza kuwa jani zuri ni lile changa la juu kabisa, na kwamba baridi ya Tukuyu asubuhi haina huruma kwa mtu aliyezoea joto la Kyela. Nikateremka. Nilipofika Kyela mjini sikuwa na kiberiti, nikaingia duka lenye mlango wa bluu, karibu na stendi ya zamani.

Duka lilikuwa la Mzee Abeid, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na shehena ya nguo akasahau kurudi. Nilinunua kiberiti, nikauliza kwa nini kimepangwa juu sana. Akanijibu. Nikauliza kwa nini mafuta ya taa yako nje. Akanijibu. Nikauliza hicho kigunia cha mkaa kwenye pembe ni cha nini.

"Binti," akasema, "wewe unanunua au unafanya sensa?"

"Vyote, Mzee."

"Basi pita nyuma ya kaunta. Huku maswali yana mshahara."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Mkaa, kama bado mnajiuliza, ulikuwa wa kunyonya unyevu. Kyela mvua ikianza haiulizi mtu, na chumvi, sukari na majani ya chai hunywa hewa kama mtu mwenye kiu.

Alinikabidhi waya wa kukatia sabuni, wenye vipini viwili vya mti. Siku hizo sabuni ilikuja kwa miche mirefu, tukaikata vipande. Ukivuta waya haraka, kipande kinapinda, mteja anadhani umempunja. Ukivuta polepole mno, sabuni inapasuka pembeni. Ilinichukua muda kupata mwendo wake. Mzee Abeid alinifundisha pia kukunja karatasi ya kufungia majani ya chai, iwe kama pembe, na kuijaribu chai yenyewe bila kuchemsha maji: unaweka majani kidogo kwenye kiganja, unafumba, unapulizia pumzi ya moto, kisha unanusa. Chai njema inanukia kama nyasi zilizokatwa juani. Chai iliyolala karibu na sabuni inanukia sabuni, na iliyosafiri na usipa, hiyo mpe mbwa, naye atafikiria. Tafadhali, wasichana, rafu ya sabuni na rafu ya chai zisitazamane. Nimeona mmeanza kuzisogeza.

Nilikuwa na miguu isiyotulia. Niliondoka dukani mara kadhaa: mara kuolewa, mara kuachika, mara kwenda tu kuona Mbamba Bay ikoje. Kila niliporudi Mzee Abeid aliniuliza, "Umemaliza kuiona dunia?" Namjibu bado. "Basi kata sabuni wakati unasubiri."

Nilikuwepo miaka ile bidhaa zilipoadimika. Mtu alisimama mlangoni akauliza kama kuna sabuni. Hakuuliza sabuni gani. Chai ilikuwa chai, na ikikosekana watu walichemsha mchaichai wakajifariji. Kisha bidhaa zikarudi, na majina yakarudi nazo. Kwetu, chai ya kwanza kurudi ilikuwa Kengele, pakiti nyekundu yenye picha ya kengele ya manjano. Nakumbuka Mzee Abeid alipofungua katoni ile. Wanawake waliokuwa dukani walinyamaza kama wako ibadani. Tangu hapo huku kwetu nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na Kengele, na mgeni akiinywa alijua amekaribishwa.

Mzee Abeid alipozeeka, duka likashikwa na binti yake, Bi Saada. Huyu ninyi mnamjua, ila mnamjua akiwa mpole. Wakati ule alikuwa moto. Alibomoa ukuta, akaingiza rafu, akaweka vikapu, akaliita supamaketi. Mlango tu hakuugusa, ukabaki wa bluu. Mama yangu, aliyekuwa akiishi Makwale, nilimleta kuona. Akazunguka rafu zote mikono nyuma kama mkaguzi.

"Kwa hiyo najichukulia mwenyewe," akasema, "nabeba mwenyewe, halafu nalipa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe kazi yako ni nini?"



Baada ya muda Bi Saada akaja na wazo la bidhaa za duka lenyewe. Tununue kwa jumla, tufunge hapahapa, tubandike jina letu: Mlango wa Bluu. Kusingekuwa na matangazo ya kulipia, wala gari la kutoka mbali, kwa hiyo bei ingekuwa chini. Chumba cha nyuma kikasafishwa, meza ndefu ikaingia, na wanawake wachache wakaajiriwa kufunga. Mkuu wao alikuwa Tumpe, mzaliwa wa Bujonde aliyeolewa Makwale, jirani na mama yangu. Mume wake alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi, kifua kikamtupa kitandani, na nyumba ile yote, watoto na dawa, ikawa inamtegemea Tumpe na meza ile.

Tumpe alikuwa na mkono. Pakiti zetu zilikuwa za karatasi ya kaki, zinabandikwa kwa uji wa unga. Wengine walikunja mdomo wa pakiti mara moja na kubandika. Yeye alikunja mara mbili, akapitisha kidole gumba toka pembe hadi pembe, na mkunjo ukabaki umenyooka kama suruali ya mwalimu. Chai aliyofunga Tumpe ungeweza kuiacha rafuni masika yote isinyonye unyevu. Niliijaribu kwa pumzi zaidi ya mara moja kwa udadisi wangu tu.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Sukari ya Mlango wa Bluu iliisha siku ileile tuliyoipanga. Maharage vilevile. Chumvi hata hatukuitangaza. Maharage hayajawahi kuwa na jina, kwa hiyo watu hawakuwa na jina la kuliaga. Lakini chai iligoma. Na chai ile ilitoka milima ileile ya Tukuyu inakotoka Kengele, jani lilelile nililowahi kulichuma kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ilikaa rafuni ikitazama wateja, wateja wakitazama Kengele.

Bi Saada akanituma sokoni Makwale na birika. Nikachemsha chai yetu, nikawapa watu bure. Walikunywa, wakasifu, wakaomba tena, wakasema ndaga fijo, asante sana, Mungu akubariki, wakavuka barabara kwenda kununua Kengele.

"Chai yenu tamu kweli," akaniambia mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kikombe cha tatu.

"Basi nikufungie pakiti?"

"Aa, hapana dada. Mimi nyumbani nina watu."

Niliyatafakari maneno hayo njia nzima ya kurudi. Ana watu. Kwa hiyo chai yetu ilikuwa ya mtu asiye na watu.

Siku zilezile akaja wakala wa Kengele kutoka Mbeya. Bwana mstaarabu, shati safi, anaamkia hata wafagiaji. Alimwambia Bi Saada kampuni yake iko tayari kulipaka duka rangi nyekundu, kuleta rafu mpya za mbele, na kukifanya kile chumba cha nyuma kuwa ghala lao la wilaya nzima. Sharti lilikuwa moja: chai iwe Kengele peke yake. Bi Saada aliomba muda hadi mavuno ya mpunga, akaniita ofisini.

"Bupe, nipe ukweli. Chai yetu ina kasoro?"

"Haina, Bi Saada."

"Basi watu wana nini? Nimepunguza bei, wananitazama kama nawauzia kitu cha wizi."

"Sijui bado."

"Ujue kabla ya mavuno. Ikifika hapo haijasogea, nakipangisha kile chumba. Sitaweza kuwalipa watu wafunge chai ya kutazamwa. Na Tumpe nitamwambia mwenyewe, usimtangulie."

Sikumtangulia. Lakini chumba kile kilikuwa na dirisha la kutazamana na ofisi, na Tumpe alikuwa na macho. Alianza kukunja pakiti kwa haraka kuliko kawaida, kama mtu anayetaka kuonekana.

Jibu nilikutana nalo msibani, mahali nilipopita tangu utoto bila kutazama. Alifariki mzee mmoja wa Makwale, nikaenda. Kwetu, mnavyojua, wanawake huja msibani na kitu mkononi: mchele, sukari, majani ya chai, sabuni. Mlangoni pa jiko hukaa mpokeaji. Anapokea, anainua juu, anataja kwa sauti, wote wasikie nani ameleta nini, kisha kinaingia ndani. Makwale, kwa miaka mingi, mpokeaji huyo alikuwa mama yangu. Alikuwa na sauti ya kuvuka mto.

Nilisimama karibu naye nikisaidia kupanga, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza kazi yake kama watu wanavyosikiliza redio.

"Kengele! Mama Neema!" Pakiti juu.

"Kengele! Mke wa mwalimu!"

Kisha akaja mjane mmoja na kifurushi cha chai ya kupimwa. Mama akakiinua vilevile, kwa heshima ileile, akasema, "Majani! Mama Lugano!"

Hakuwa na dharau. Lakini lile neno majani lilianguka chini kama kanga iliyolowa, na nikamwona Mama Lugano akiingia ndani upesi, kichwa chini. Ndipo nikaelewa. Hakuna mwanamke aliyekuwa anaogopa kuinywa chai yetu. Walikuwa wanaogopa kutangazwa nayo. Na kama msibani huwezi kuibeba, kwa nini uwe nayo nyumbani, hali msiba wenyewe haupigi hodi unapokuja? Unanunua ile utakayoweza kuibeba wakati wowote. Kyela yote ilikuwa inanunua chai kwa ajili ya mdomo wa mama yangu.

Jioni hiyo nilimfuata. Alikuwa amekaa akikanda miguu, birika la Kengele pembeni.

"Mama, nina ombi."

"Kama ni la kuolewa tena, sina nguvu."

"Si hilo. Siku ikiletwa chai yetu msibani, usiseme majani. Sema Mlango wa Bluu."

Akaacha kukanda. "Gwe Bupe. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Tumpe atapoteza kazi."

"Tumpe ni mwanangu kama wewe. Mumewe alinichongea kinu. Lakini mimi sigawi majina pale mlangoni kama pipi. Kitu kinakuja na jina lake, mimi nalisema. Kengele imekuja nalo. Hiyo yenu ina jina gani?"

"Mlango wa Bluu! Imeandikwa."

"Hilo ni jina la mlango," akasema Mama. "Nikipiga kelele 'mlango' mbele ya maiti watu watadhani nimechanganyikiwa."

"Basi ionje tu."

"Niliionja sokoni. Uliponipa mgongo." Akajimiminia Kengele. "Ni chai nzuri."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mchungaji wetu pia ni mwanamume mzuri, mimi niliolewa na baba yako."

Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka. Kwa miezi iliyofuata nilimshambulia kila nilipopata nafasi. Kengele yenyewe ilinisaidia kidogo, maana ilianza kuja na vumbi jingi chini ya pakiti. Nilimwonyesha. Akasema mwaka huu mvua zimekuwa nyingi. Pakiti ikapungua unene. Akasema na sisi tumepungua. Alikuwa anaitetea kama mke anavyomtetea mume anayechelewa kurudi. Nikamwambia hivyo. Akanifukuza na mwiko.

Bi Saada naye nilimweleza nilichokigundua. Akafikiri sana. Msaidizi mmoja wa kaunta akashauri duka lipeleke katoni nzima ya chai yetu kwenye kila msiba, bure, na bango. Bi Saada akamkata jicho.

"Yarabi! Nikafanye biashara juu ya kaburi la mtu? Baba yangu angeamka." Kisha akanigeukia. "Bupe, mavuno yameanza. Mwambie wakala aje wiki ijayo."

Wiki hiyo haikufika bila msiba mwingine. Asubuhi moja Tumpe alikuwa mezani akifunga, shemeji yake akaja mlangoni na baiskeli, akavua kofia. Tumpe alimtazama. Alimalizia pakiti iliyokuwa mkononi, akapitisha kidole gumba toka pembe hadi pembe, akaiweka na wenzake, kisha ndipo akatoka nje na kilio chake kikasikika hadi stendi.

Wanawake wa chumba cha nyuma wakajiandaa kwenda Makwale. Niliwakuta wakipanga kwenye kapu zile pakiti alizofunga Tumpe asubuhi ile. Nikawasihi.

"Tununue Kengele, ndugu zangu. Tuchange hata sisi sote. Msimwaibishe mwenzenu siku ya kumzika mumewe. Mnamjua mama yangu, atasema majani mbele ya ukoo mzima."

Mmoja wao, Mama Atu, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu, akaniangalia tu. "Bupe, tangu lini wewe ukaionea haya chai yetu?"

"Siionei haya. Namwonea huruma Tumpe."

"Sisi ndio kazi yetu hii. Tukimpelekea chai ya watu wengine, tumemwambia nini?"

 Bi Saada alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshajifunga ushungi. Akachukua pakiti moja kutoka kwenye kapu, akaiweka kwenye mkoba wake. "Twendeni," akasema.

Ua la marehemu lilikuwa limejaa. Wanaume chini ya turubai, wanawake ndani, wengine kwenye mikeka upande wa migomba. Tumpe alikuwa ndani, nilimwona kupitia mlangoni, ameegemea ukuta, kanga kichwani. Mama yangu yuko mahali pake jikoni. "Kengele! Mama Subira!" Sauti ileile. Foleni ikasogea. Nilitamani ardhi ya Makwale, ambayo hutota kila masika, inizamishe na mimi.

Mama Atu akafika mbele. Akasalimia, "Mughonile, Mama," akatoa pakiti.

Mama akaipokea. Akaanza kuinyanyua, mkono ukasimama katikati. Akaishusha. Hakutazama ile picha ya mlango iliyogongwa muhuri mbele. Aliigeuza akatazama mdomo wake, pale penye mkunjo. Akapitisha kidole juu ya mkunjo.

Mama alizaliwa ziwani, kwa wafinyanzi. Kwao chungu hakina lebo. Unaangalia ukingo na namna ulivyomaliziwa, unajua mikono ya nani, na ukienda sokoni unauliza chungu cha mtu fulani kwa jina lake. Nililijua hilo maisha yangu yote, na sikuwahi kulipeleka karibu na chai.

"Hii amefunga nani?" akauliza.

"Ni ya dukani, Mama, Mlango wa..." nikaanza.

"Sikukuuliza wewe. Wewe hujui hata kukunja nguo." Akamtazama Mama Atu. "Amefunga nani?"

"Tumpe, Mama. Leo asubuhi. Ameifunga, akaletewa habari."

 Hata wanaume chini ya turubai wakageuza shingo. Mama akaipokea pakiti ya pili, ya mwenzake, akatazama mkunjo. Akapokea ya tatu. Bi Saada akatoa yake mkobani, akaiweka juu ya zile nyingine.

Mama akasimama. Kwa kawaida alitangaza akiwa amekaa. Akainua pakiti hadi mkono ukanyooka.

"Chai ya Tumpe!" akaita. "Mama Atu!"

Akachukua ya pili. "Chai ya Tumpe! Mama Jesika!"

Akaziita zote hivyo, moja moja, hadi ya mwisho: "Chai ya Tumpe! Bi Saada, binti wa Mzee Abeid!" Na kule ndani, kupitia mlangoni, nikamwona Tumpe ameinua kichwa toka ukutani. Alikuwa analia, lakini alikuwa anasikiliza.

Wanawake waliinywa chai ile siku zote za matanga. Ikaisha, wakaja wengine wamebeba nyingine, na sasa walisimama kwenye foleni vichwa juu. Mama Lugano alikuwa mmoja wao.

Wakala alikuja wiki iliyofuata kama alivyoitwa. Bi Saada akamkaribisha kikombe, akamwambia Kengele ataendelea kuiuza kama zamani, rafu ni ndefu, lakini rangi nyekundu hapana na chumba hapana. Yule bwana hakukasirika. Aliuliza kilichobadilika. Bi Saada akasema ni habari ndefu ya Makwale. Wakala akanunua pakiti moja ya chai yetu ampelekee mkewe, na nilimwona akiificha chini ya kiti cha gari lenye picha ya kengele.

Mama yangu aliendelea kunywa Kengele hadi alipofariki, miaka kadhaa baadaye. Sikumsumbua tena. Kutaja jina la kitu mbele za watu na kukiweka kitu hicho kwenye birika lako ni kazi mbili tofauti, na yeye ya kwanza alikuwa ameifanya yote.

Tumpe alipomaliza matanga alirudi kazini. Siku hiyo kulikuwa na wateja wengi, watu wameuza mpunga, akaombwa asaidie rafuni kabla ya kwenda mezani. Nilikuwa pembeni nikipanga sabuni. Akaja mwanamke wa kutoka Ngonga, simfahamu, kapu kichwani, akamgusa Tumpe bega.

"Dada, samahani. Nimeambiwa hapa kuna chai ya Tumpe. Ni ipi?"

Nilidhani atajitambulisha. Hakufanya hivyo. Alichukua pakiti iliyokuwa mbele, akaigeuza, akatazama mkunjo. Akairudisha rafuni. Akachukua nyingine nyuma yake, akaigeuza nayo, akapitisha kidole gumba.

"Chukua hii," akasema. "Ile niliifunga nikiwa na haraka."